Nina miaka 27 na mikono hunitetemeka asubuhi: niache pombe kwa njia gani kabla ya Desemba?

Mpanda Ngazi (muuliza swali), Moshi

Habari zenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 27, ninaishi Moshi mjini na ninafanya kazi ya uhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nilianza kunywa nikiwa chuoni, mwanzoni bia za mwisho wa wiki, baadaye za kila jioni glosari, na kwa takriban miaka miwili sasa siwezi kufika kazini bila kuzimua kwanza kwa kichupa kidogo cha pombe kali, kwa sababu nisipofanya hivyo mikono hunitetemeka kiasi cha kushindwa kuandika risiti mbele ya mteja.

Kwaresima iliyopita niliamua kuacha kwa mara moja bila kumwambia mtu. Jioni ya kwanza nilitokwa jasho na kutapika. Usiku uliofuata niliona wadudu wakipanda ukutani, wadudu ambao mama yangu hakuwaona. Nyumbani walisema ni malaria iliyopanda kichwani, shangazi akasema nimetupiwa kitu, na mimi kwa hofu nikarudi kwenye chupa, na haikupita saa moja kila kitu kikatulia. Tangu siku hiyo ninaogopa kuacha kuliko ninavyoogopa kuendelea.

Ninaomba ushauri kwa mambo mawili. La kwanza ni iwapo inafaa kuacha ghafla au kupunguza kidogo kidogo. La pili ni Desemba. Ndugu zetu wote hurudi nyumbani Kilimanjaro kwa ajili ya Krismasi, na kwetu Kibosho mbege, ile pombe yetu ya ndizi, humiminwa tangu wiki hiyo hadi Mwaka Mpya. Kuikataa kata unayopewa na mzee mbele ya ukoo si jambo jepesi. Naongeza kwamba rafiki zangu hawaamini kuwa nina tatizo. Kwao mlevi ni yule mzee anayelala mtaroni, na mimi nimevaa shati safi na nina ajira. Wanasema ujana ni maji ya moto, nitatulia nikioa.

Muuguzi wa Zamu, Dodoma

Pole kaka. Ninahudumu katika wodi ya afya ya akili, na vijana wa umri wako wenye maelezo kama haya si wachache. Kilichokupata Kwaresima hakikuwa uchawi, na kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba kinywaji kilikitibu ndani ya saa moja, sidhani kama kilikuwa malaria. Hizo ni dalili za kuacha pombe ghafla, ambazo mtaani huitwa arosto. Watu huiogopa zaidi arosto ya heroini kwa sababu ya kelele zake, ilhali ya pombe ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuua.

Pombe huupoza ubongo: huzipa nguvu kemikali zinazotuliza mawasiliano ya neva na kuzidhoofisha zile zinazoyachochea. Ubongo unaopokea pombe kila siku hujibu kwa kujichochea zaidi ili uweze kufanya kazi ukiwa ndani ya kileo. Siku pombe inapokatwa, uchochezi wote hubaki bila kizuizi, mithili ya mtu anayevuta kamba kwa nguvu zake zote kisha wapinzani wake wakaiachia. Ndiyo maana kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho, na degedege, ikiwa itatokea, kwa kawaida hutokea ndani ya saa 48 za mwanzo. Baada ya hapo, hasa kati ya siku ya pili na ya nne, ndipo inapoweza kuja ile hali mbaya zaidi ambamo mgonjwa huchanganyikiwa, hajui yuko wapi wala ni siku gani, huona na kusikia visivyokuwapo, hupata homa, na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu hupanda. Hali hiyo ni dharura ya hospitali. Kumfungia mtu chumbani na kumwombea hadi asubuhi kumewagharimu wengi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba wewe, kwa kuwa unatetemeka asubuhi na umewahi kuona vitu, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kupunguza kidogo kidogo kwa mkono wako mwenyewe nako huwa kugumu, kwa maana mtu yuleyule aliyeshindwa kuhesabu glasi ndiye anayepewa kazi ya kuzihesabu. Nenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi, waeleze kiasi unachokunywa bila kupunguza hata kidogo, na taja waziwazi wale wadudu wa ukutani, kwa sababu dalili za mara hii zinaweza kuwa kali kuliko za mara iliyopita. Ubongo uliowahi kupitia msukosuko huo huweza kuupitia kwa ukali zaidi kila unaporudia. Mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya jamii ya diazepamu kwa dozi inayopunguzwa kwa siku kadhaa, akiwa chini ya uangalizi. Tafadhali usiinunue mwenyewe duka la dawa, kwani ikichanganywa na pombe huweza kukandamiza pumzi.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kila mnywaji alijue. Wanywaji wa muda mrefu mara nyingi hupungukiwa na vitamini B1, yaani thiamini, na upungufu huo unaweza kuharibu ubongo kwa namna isiyorekebishika. Mtu aliyeamka na uchovu wa pombe huenda zahanati kuwekewa dripu ya sukari ili apate nguvu. Sukari hiyo, ikitangulia kabla ya thiamini, inaweza kuuchochea uharibifu huo. Ukiwekewa dripu yoyote, sema kwanza kwamba unakunywa kila siku. Na kama utapata homa, pima malaria pia, kwani mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, na kipimo cha haraka hakichukui muda.

Kuhusu rafiki zako, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoshiriki kulifanyia majaribio lilipokuwa likitengenezwa. Alama zake huanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni unywaji wa hatari, na kuanzia 20 kuna uwezekano mkubwa wa uraibu. Halina swali hata moja kuhusu umri wala usafi wa shati. Linauliza, pamoja na mengine, ni mara ngapi umehitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuianza siku, na swali hilo umekwisha kulijibu hapo juu.

Mkazi wa Eastlands, Nairobi

Kaka, mimi niliacha nikiwa na miaka 24, na nitaandika juu ya yale yanayokuja baada ya hospitali, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoangukia. Wiki ile ya kwanza ina dawa na watu wanaokuuliza hali yako. Kisha mwili unapona, uso unarudi, kila mtu anakupongeza, na hapo ndipo linapokuja suala ambalo hakuna aliyenitayarisha nalo: jioni ni ndefu mno. Saa kumi na moja jioni ilikuwa ikifika nami sijui pa kuweka mikono yangu. Marafiki wote niliokuwa nao nilikutana nao kwenye pombe, siku za kuzaliwa zilisherehekewa kwa pombe, hata wenzangu wa kazini niliwajua kwa majina ya bia wanazopenda. Mtu mzima aliyeacha akiwa na miaka 50 huwa na maisha ya zamani ya kuyarejea. Sisi tulioanza tukiwa na miaka 17 hatukuwahi kujifunza kucheza muziki, kutongozwa wala kugombana tukiwa na akili timamu, na inatubidi tuyajifunze yote hayo ukubwani, huku tukiona haya.

Usingizi nao utakusumbua kwa wiki nyingi, pengine miezi, na utaota kwamba umelewa, uamke ukiwa na hatia ya kosa ambalo hukulitenda. Ndoto hizo ni za kawaida na hazimaanishi kwamba umeanza kurudi.

Kilichonishika mimi ni mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), ambako walevi husaidiana kuacha. Ilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa, hakuna ada, na hakuna anayelazimishwa kutaja jina lake kamili. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walichambua tafiti nyingi wakaona kwamba tiba inayomuunganisha mtu na mikutano hiyo, ikitolewa kwa utaratibu maalumu, huwasaidia watu wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Sisemi kwamba inamfaa kila mtu. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa mdogo kuliko wote na mwanamke peke yangu, na mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba amemwaga pombe nyingi kuliko niliyokunywa mimi. Karibu niondoke nisirudi. Nilibaki kwa sababu mama mmoja alinipa namba yake ya simu akaniambia nimpigie kabla ya kunywa, siyo baada ya kunywa. Uliza kama kuna mikutano Moshi au Arusha. Kuna pia ya mtandaoni, na kwa kijana hiyo si mibaya, maana utakutana na wa rika lako. Kwa Wakenya wanaosoma hapa, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192.

Kwa upande wa Desemba, usiwaambie watu kwamba unatumia antibayotiki. Uongo huo hudumu siku saba, kisha wanakuuliza kama dozi imekwisha. Sema tu, "Situmii tena," kisha geuza mazungumzo. Utashangaa jinsi watu wengi wasivyojali, isipokuwa wale ambao kuacha kwako kunawauliza swali kuhusu wao wenyewe.

Msema Wazi, Mbeya

Kwa heshima zote, mnaligeuza jambo la nia kuwa ugonjwa wa vidonge. Mimi nilikunywa kwa miaka kadhaa, nikaokoka, na kuanzia siku hiyo sijagusa. Sikutetemeka wala sikuhitaji mkutano. Kijana apige magoti na aachane na marafiki wabaya, mengine ni kujidekeza. Na kama ameshindwa, zipo dawa ambazo ndugu wanaweza kumwekea kwenye chakula bila yeye kujua, akinywa anatapika mpaka anaichukia pombe.

Muuguzi wa Zamu, Dodoma

Ndugu wa Mbeya, nakupongeza kwa dhati, na sina ugomvi na maombi. Wagonjwa wengi wanaofanikiwa wana msikiti au kanisa linalowashika. Ila kutotetemeka kwako kunaonyesha kwamba mwili wako haukuwa umefungwa na pombe kama wa kijana huyu, na nia njema haizuii degedege.

Hilo la dawa ya kuweka kwenye chakula ninaliomba sana lisifuatwe na yeyote. Dawa hiyo ni disalfiramu, inayotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na huzuia kimeng'enya kinachoisafisha sumu inayotokana na pombe mwilini. Mtu akinywa juu yake, uso humwiva, hutapika, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu linaweza kushuka hadi kuleta kifo, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Hutolewa kwa mtu anayejua, aliyekubali, na ambaye ameacha pombe angalau saa 12 kabla. Kumwekea mtu kwa siri ni kumtegea sumu ndani ya nyumba yake.

Mzee wa Marangu

Kijana wangu, nimesoma yote. Mimi si mtaalamu wa tiba, lakini mambo ya Desemba na ya kata nayafahamu vizuri, kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao wazee wanaoishika.

Kosa linalofanywa na vijana ni kusubiri hadi kata ifike mkononi ndipo wakatae, mbele ya watu, na mzee akajiona amedharauliwa. Jambo hilo humalizwa kabla. Wiki mbili au tatu mapema mwendee baba yako mdogo au mjomba mmoja mwenye sauti katika ukoo, msalimie, kaa chini, umweleze kwamba daktari amekukataza na kwamba ukirudia utarudi wodini. Usimwambie kwa simu. Yeye ndiye atakayesema pale kwenye mkusanyiko kwamba huyu asipewe, na hakuna atakayebisha. Heshima ya mbege ni ya kukaa pamoja na kushirikishwa. Ukiishika kata kwa mikono miwili, ukamshukuru mzee na kumpasia aliye kando yako, umeheshimu vya kutosha. Wapo wazee watakaonung'unika. Waache wanung'unike, sisi tuna kazi gani nyingine.

Kama ukiwa katika ulevi ulimtukana mtu au ulimdhulumu, Desemba ni wakati wa kulimaliza hilo pia. Unajua kazi ya isale kwetu: ukimfikishia mtu jani lile, ni vigumu sana akatae kukusamehe. Lakini usiende kuomba msamaha wiki ya kwanza ya kuacha, ukiwa bado unatetemeka. Nenda ukiwa umesimama.

Na vikao vya harusi, ambavyo siku hizi sijui kwa nini ni lazima vifanyike baa, tuma mchango wako kwa simu, mweka hazina aandike jina lako, nawe ubaki nyumbani. Hakuna harusi iliyowahi kukwama kwa sababu mjumbe mmoja hakuhudhuria kikao.

Mama wa Tabata, Dar es Salaam

Naomba niongeze kuhusu soba hausi, yaani nyumba za kuwarekebisha waraibu, kwa kuwa familia ya kijana huyu itashauriwa kumpeleka huko. Mwanangu alipelekwa mahali ambapo tulilipa kila mwezi, na tulipokwenda kumwona tulikuta hakuna muuguzi wala daktari anayepita, na wiki yake ya kwanza ya kutetemeka aliipitia chumbani pamoja na wenzake, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Baadaye alikwenda nyumba nyingine, akapata watu waliomsikiliza, na sasa anaendelea vizuri. Kwa hiyo sizikatai zote. Kabla ya kulipa, uliza mgonjwa anayeacha pombe hupelekwa hospitali gani akizidiwa, uliza nani anayetoa dawa, omba kuona mahali wanapolala, na uliza kama mgonjwa anaweza kuondoka akitaka. Wakikwepa hata moja kati ya hayo, rudi na fedha zako.

Tena, mwanangu, usione aibu kumwambia mama yako ukweli. Aliyekaa nawe usiku wa wale wadudu amekwisha kujua kwamba kuna kitu. Anachokosa ni maelezo tu.

Mpanda Ngazi (muuliza swali), Moshi

Mzee, shikamoo, na asanteni nyote. Nimemwambia mama. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kliniki ni siku gani. Tulikwenda pamoja, nimejibu yale maswali 10 na alama zangu zimevuka 20. Nimepangiwa kulazwa wiki ijayo, na hadi siku hiyo nimeambiwa nisikate ghafla. Kazini nimeomba likizo ya ugonjwa bila kueleza zaidi. Daktari ametaja dawa iitwayo naltreksoni kwa ajili ya baadaye, na nimesahau kuuliza tofauti yake na ile ya kutapisha. Je, nayo hubadilisha akili au huleta uraibu mwingine?

Muuguzi wa Zamu, Dodoma

Hapana, naltreksoni haileti uraibu na haikuleweshi. Hufunga zile sehemu za ubongo ambazo pombe huzipitia ili kukupa raha, na hivyo hamu hupungua na kinywaji, hata kikinyweka, hakina utamu uleule. Ukinywa juu yake haikutapishi kama disalfiramu. Dozi ya kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku. Kabla ya kuanza watapima ini lako, na ni lazima uwaambie kama unatumia tramadoli au dawa nyingine yoyote ya jamii ya afyuni, hata kama ulipewa kwa ajili ya mgongo, kwa sababu naltreksoni itaizuia ghafla na utaingia kwenye arosto ya aina nyingine. Si kila duka la dawa linayo, kwa hiyo ulizia mapema inapatikana wapi Moshi au Arusha, na nunua ya kutosha kabla ya Krismasi, maana wiki ile maduka mengi hufungwa.

Siku ya kulazwa beba orodha ya dawa zote unazotumia, na mama aje nawe, kwa kuwa siku mbili za mwanzo huenda usikumbuke vizuri unachoambiwa.